Utepe wa mkojo: ugumu wake uko kwenye kulegeza

Mwanamke akikohoa, akicheka au akipandia matatu mkojo ukamponyoka, mara nyingi kibofu chake hakina kosa. Kilicholegea ni kitanda kinachoushika mrija wa mkojo kwa chini, baada ya uzazi na umri. Utepe, ukanda mwembamba unaopitishwa chini ya mrija kwa upasuaji, hushika nafasi ya kitanda hicho. Hauufungi mrija.

Si kila anayelowa utepe unamfaa. Anayebanwa ghafla akakimbilia choo asifike ana ugonjwa mwingine. Anayechirizika usiku na mchana tangu ajifungue apimwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Na aliyebaki afanye kwanza mazoezi ya misuli ya nyonga kwa miezi 3: kubana mara 8, kutwa mara 3. Kujinyima maji ili udhu usitenguke, kwa joto hili la Mombasa, si tiba. Mkojo mkali hukichokoza kibofu.

Utepe wenyewe ni wavu wa plastiki iitwayo polipropilini, upana wa sentimita 1 hivi, wenye matundu makubwa ili nyama iote ndani yake. Njia hii ilielezwa na Ulf Ulmsten na wenzake, Uswidi, mwaka 1996. Baada ya ganzi, mpira hupitishwa kwenye mrija hadi kibofuni ili kumwaga mkojo wote. Mkato wa sentimita 1.5 hufanywa kwenye ukuta wa mbele wa uke, sentimita 1 kutoka tundu la mkojo, na mingine miwili midogo juu ya kinena. Sindano iliyopinda, inayouvuta utepe, hupanda ikiusugua mfupa wa kinena kwa nyuma. Ikiuacha mfupa na kwenda pembeni hukutana na mishipa ya damu. Ikienda ndani hutoboa kibofu. Kwa hiyo kibofu hujazwa mililita 300 na kukaguliwa kwa kamera, kila pembe. Tundu likionekana, sindano huchomolewa na kupitishwa upya, basi. Likiwapo lakini lisionekane, utepe hubaki ndani ya kibofu na kuota mawe.

Halafu kulegeza. Utepe huja ndani ya ala ya plastiki, na ala ikivutwa utepe hukaza wenyewe. Ndiyo maana mimi huweka makasi kati ya utepe na mrija mpaka ala itoke yote. Ukikazwa, mgonjwa hakohoi akalowa tena, lakini hakojoi pia! Kabla ya kuruhusiwa nyumbani akojoe, na mkojo unaobaki usizidi mililita 150. Akishindwa, utepe unaweza kuvutwa chini katika siku za mwanzo; nyama ikishaota, hukatwa.

Wavu unaweza pia kuchomoza ukeni miaka baadaye: uchafu, damu, mume kuchomwa. Uingereza ilisitisha tepe hizi mwaka 2018, isipokuwa kwa masharti makali, na mgonjwa aambiwe hilo kabla ya kutia sahihi. Asiyetaka plastiki anaweza kutumiwa utando wa misuli ya tumbo lake mwenyewe, kwa mkato mkubwa zaidi.

Ndoo ya lita 20 na tendo la ndoa vingoje wiki 6. Kikohozi kitibiwe mapema.