Kabla hujampa fundi bustani hela ya kwanza

Tangu masika yaishe malalamiko ya bustani za nyumbani yamekuwa mengi hapa ofisini kwetu halmashauri, na ukiyasikiliza yanafanana: mtu kalipa mamilioni, nyasi zimekauka ndani ya miezi mitatu, pevingi (matofali ya kutandika uwanjani) zimetitia, au jirani kaja juu kwamba maji ya uwanja wako yanaingia sebuleni kwake. Halafu mlalamikaji anatuuliza tunamchukulia fundi hatua gani. Ukimuomba mkataba hana. Ukimuomba mchoro anafungua simu anakuonyesha picha aliyoitoa Pinterest, nyumba yenyewe iko Florida.

Tunaamini wananchi wengi wana nia njema kabisa, wanataka kwao kupendeze, kosa linaanzia kwenye bajeti. Na kwa vile vuli iko njiani na watu wameanza kutafuta mafundi tena, tumeona bora tuliseme sasa.

Zile proforma, yaani karatasi za makadirio ya bei, wanazotuletea nyingi ziko hivi: mstari wa kwanza kusafisha eneo, wa pili udongo mweusi trip 6, wa tatu nyasi, wa nne maua mchanganyiko, wa tano ufundi, chini kabisa jumla, na muhuri umegongwa ukachora nusu. Trip 6 za gari gani? Kuna kirikuu na kuna tipa la magurudumu 10, zote zinaitwa trip. Nyasi za aina gani, zinapandwa kwa vishina au zinatandikwa kama kapeti? Ufundi ni siku ngapi, watu wangapi? Karatasi hiyo haikusaidii kwenye baraza wala mahakamani, maana hata ukishinda hakuna anayejua ulikuwa unadai nini.

Tupige hesabu pamoja. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Toa nyumba, kibaraza na banda la uani, tuseme 250, zinabaki 350. Katika hizo weka pevingi 120, nyasi 150, zilizobaki ziwe za miti, maua na njia ya maji. Udongo wa nyasi ukiuweka sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 15, na kwa kuwa udongo wa kumwagwa unashuka baadaye, ongeza kama asilimia 20, inafika 18. Hiyo 18 ndo unamwambia mwenye gari, sio trip, na gari likifika pima bodi lake kwa tepu kabla halijamwaga. Pevingi za kawaida za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba, kwahiyo mita 120 ni 6,000, ongeza asilimia 5 za kuvunjika na kukatwa, ni 6,300. Unene wa milimita 60 unatosha kwa gari dogo, kama lori la maji litaingia mpaka ndani weka 80. Na uulize, kebstoni, yale mawe ya kuzuia pembeni, zimo? Bei ya pevingi bila kebstoni ni bei ya nusu kazi, zile za pembeni zitaanza kutembea na katikati itafuata, kisha utatuambia pevingi ni feki.

Sasa maji, na hapa naomba usiruke mistari maana ndo panapoua bustani nyingi Dar. Nyasi kwenye kiangazi zinataka kama milimita 5 za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mita 150 mara 5 ni lita 750 kila siku, kwa mwezi lita 22,500, yaani uniti 22 na nusu juu ya zile mnazooga na kupikia. Chukua bili yako ya DAWASA, angalia uniti moja unalipia shilingi ngapi, zidisha, halafu zidisha tena kwa miezi ya ukame. Kama hiyo namba imekushtua, punguza nyasi sasa hivi kwenye karatasi, haigharimu kitu. Dodoma ndo kabisa, msimu wa mvua ni mmoja, ukifika Mei umwagiliaji unaanza na utaenda nao miezi mingi tu. Mtu anapanda mita 300 za nyasi Dodoma halafu anatupigia kuuliza dawa ya kuzuia kukauka. Dawa ni maji.

"Nitachimba kisima." Hili tunalisikia kila siku na linasemwa kama vile ardhi ikiwa yako basi na maji ya chini ni yako. Sio hivyo. Rasilimali za maji zina sheria yake, ya mwaka 2009, na kisima kirefu kinaombewa kibali kwenye bodi ya maji ya bonde, kwa Dar ni Bonde la Wami/Ruvu. Kwanza unaomba, eneo linafanyiwa utafiti wa maji chini ya ardhi, mchimbaji lazima awe na leseni, akishachimba anatoa taarifa ya kina na wingi wa maji, ndipo linakuja suala la kibali cha kutumia maji chenye ada zake, na ada hizo ziingie kwenye bajeti yako sio pampu tu. Halafu ukishapata maji yapime chumvi kabla hujanunua mche hata mmoja. Ukanda wa pwani, Mikocheni, Msasani, Kigamboni, visima vingi vina maji ya chumvi na mimea mingi ya vitaluni haiyawezi. Paspalum inavumilia chumvi kuliko nyasi nyingi, minazi na bogenvilia nazo hazilalamiki sana. Kipimo cha maabara ni hela ndogo ukilinganisha na kung'oa bustani nzima.

Upande wa pili wa maji ni mvua. Paa la mita 150 likipigwa na mvua ya milimita 40, na Dar masika hiyo ni mvua ya jioni moja, linamwaga lita 6,000. Pevingi zako 120 zinaongeza lita karibu 5,000 maana pevingi haziachi maji mengi kuzama. Lita 11,000 ndani ya saa mbili tatu ziende wapi? Fundi bustani anajibu kwa kutoboa tundu chini ya ukuta kuelekea kwa jirani. Wengine wanayaelekeza kwenye chemba ya choo, na huo ni uharibifu, shimo linajaa na uchafu unapanda juu, tafadhali msifanye. Ukiweka gata na simtanki utapata maji ya kumwagilia, yanayobaki yapelekwe kwenye shimo la kunyonya au mtaro halali wa mtaa, na slopu ya pevingi ianze kupimwa kabla hata ya kuleta mchanga. Kwahiyo kwenye bajeti njia ya maji inalipwa kwanza, maua mwisho. Tunajua watu wanapenda kuanza na maua.

Tukija kwenye vibali, kuna dhana kwamba ndani ya uzio hakuna anayekuhusu. Kupanda maua na nyasi kweli hatuna shida na wewe. Ila ukijenga ukuta mpya, banda la kupumzikia lenye nguzo za zege, bwawa la kuogelea au ukuta wa kuzuia udongo, hayo ni majengo na yanaombewa kibali cha ujenzi. Unaleta maombi, nakala ya hati au leseni ya makazi, michoro, na ramani inayoonyesha kiwanja kilipo, yanakaguliwa, afisa anakuja kuona eneo, unapewa namba ya malipo unalipa benki au kwa simu. Narudia, namba ya malipo. Hakuna hela inayopokelewa mkononi, na mtu akikwambia mpe yeye akupeleke haraka, mwambie akupe namba ya malipo uone atakavyobadilika. Ukijenga bila kibali unapewa notisi ya kusimamisha, ukiendelea inakuja ya kuondoa, usipoondoa wewe tunaondoa sisi na gharama unadaiwa wewe, na jalada linaweza kwenda mahakamani juu yake. Kukupa notisi hakutufurahishi.

Mito na fukwe nazo zina mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizo, na kupanda mikungu mizuri ukazungushia waya hakuifanyi kuwa bustani yako. Hivyo hivyo nje ya ukuta: barabara kuu za TANROADS hifadhi yake kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, za mitaani ulizia TARURA. Watu wanatandika pevingi za mamilioni kwenye hifadhi kisha barabara inapanuliwa na fidia hakuna. Miti mirefu chini ya nyaya za TANESCO itakatwa vichwa, kwahiyo pale panda vya kimo kifupi. Mifikasi, ile miti ambayo mizizi yake inapasua kuta, iko karibu na msingi? Ing'oe ikiwa midogo. Na wale wanaoagiza miche kutoka Nairobi kwa basi la usiku, mimea inayoingia nchini inatakiwa kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka, mpakani wakiikamata inateketezwa, hela imekwenda.

Mgawanyo wenyewe basi. Tuseme una milioni 10, ni mfano tu, yako gawa kwa uwiano. Mimi ningeweka laki 8 kwenye vipimo na mchoro wenye leveli, milioni 4 na laki 2 kwenye njia za maji na pevingi, milioni moja na nusu mabomba na tenki, milioni moja na nusu udongo, nyasi na miche, milioni moja matunzo ya mwaka wa kwanza, na milioni moja dharura. Kama pevingi hazitoshi weka njia mbili za tairi na katikati kokoto, inapendeza na maji yanazama. Miche nunua midogo. Mtu anayenunua pamu ya mita 3 wakati hana tenki simuelewi. Nyasi za vishina ukizipanda mvua zinapoanza zinafunga ndani ya miezi miwili mitatu kwa gharama ndogo kuliko kapeti. Kampuni iliyosajiliwa VAT iulize kama asilimia 18 imo kwenye bei, maana milioni 10 inaweza kugeuka 11 na laki 8 siku ya ankara, na risiti ya EFD dai, kutodai ni kosa lako pia.

Mkataba uwe wa maandishi, una mchoro nyuma yake, vipimo, aina ya nyasi kwa jina, tarehe, na mashahidi. Malipo ya kwanza yasizidi asilimia 30, yanayofuata yatoke kwa hatua iliyokamilika ukaiona kwa macho, na asilimia 10 uibakize mpaka kipindi cha matazamio kiishe, miezi mitatu angalau, na kiguse kiangazi. Fundi mzuri hatakataa, anajua kazi yake. Kwenye kuta, mabwawa na kazi kubwa hakikisha kontrakta yuko CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) na mbunifu yuko AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi), majina yanaangaliwa bure. Fundi akikimbia na hela, deni la mkataba ni kesi ya madai, msije kwetu kutaka akamatwe, sisi hatuna mahabusu.

Waliokwisha kupokea notisi zetu za kuelekeza maji kwa majirani, msisubiri siku ya mwisho. Njooni na notisi yenyewe, picha ya sehemu maji yanapotokea na jina la fundi kama mnalo, mpange siku ya afisa kuja kupima leveli. Anayefika mapema huwa anaongezewa muda kwa maandishi, asiyefika tunamhesabu amekataa.