Hapana shemeji, huku hakuna anayegawa mke

Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Shemeji kaleta tena kwenye grupu la familia ile klipu ya sauti nzito na muziki wa kutisha, "kabila linalompa mgeni mke alale naye asipate baridi", halafu kanitag, eti shem, wewe si ndo uko huko, hiyo kitu ipo? Chini yake emoji za kucheka mpaka simu inakwama. Nitajibu hapa, nikiulizwa tena natuma link.

Mimi ni nesi, nazunguka zahanati za Nunavut, kaskazini mwa Kanada, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Wenyewe wanaitwa Inuit, mmoja ni Inuk, hilo la "Eskimo" wengi hawalitaki, liache. Kwenye iglu, zile nyumba za theluji, hakuna anayeishi, watu wako kwenye nyumba za mbao za serikali, zina hita na Facebook. Twende.

Kilichokuwepo zamani, baadhi ya sehemu, ni mke na mume kukubaliana na mke na mume wengine wabadilishane kwa muda, na ikishafanyika hivyo familia zile zimekuwa ndugu, watoto wa pande zote wanahesabiana kaka na dada, na ukiingia mwaka wa njaa unajua mlango wa kubisha. Ni undugu, wazee wetu waliochanjiana damu wangeelewa haraka kuliko wewe na klipu yako, siyo huduma ya gesti. Mzungu aliyeshuka na meli ya kuvua nyangumi hakuwa kwenye huo undugu, ila kalamu alikuwa nayo yeye. Na hapa nisijifanye mjanja, maana sijui mke mwenyewe alikuwa na sauti kiasi gani, walioandika karibu wote ni wanaume. Nilimuuliza bibi mmoja, akakunja pua. Huku kukunja pua ni hapana na kunyanyua nyusi ni ndiyo (mwezi wangu wa kwanza nilidhani nanuka). Lakini hapana ipi? Haikuwepo, hatukuulizwa, au usiniulize?

Kinachonikera hasa ni kwamba nikisema ukatili wa majumbani huku ni mkubwa, mtu ananijibu "si ndo mila zao". Jamani. Mimi ninachokiona kila wiki ni uhaba wa nyumba.

Nunavut ni kubwa mara mbili ya Tanzania na zaidi, watu kama 40,000, miji na vijiji 25, na hakuna barabara hata moja inayotoka kijiji kwenda kijiji kingine, ni ndege, na nauli yake usiulize. Nyumba ya vyumba vitatu unakuta watu 11, wengine wanalala kwa zamu, na foleni ya kupata yako ni miaka. Sasa mwanamke akipigwa aende wapi, kwa dada yake ambako nako wako 11? Pauktuutit, chama cha wanawake wa Kiinuit wa Kanada kilichoanza 1984, wamepiga kelele mpaka basi: kati ya jamii 51 za Inuit nchini humo, zaidi ya asilimia 70 hazina nyumba salama. Sheria ipo, tangu 2008 mpigaji anaweza kutolewa nyumbani kwa amri ya dharura, nzuri sana kwenye karatasi, akitolewa anaenda kulala kwa binamu, nyumba ya tatu kutoka pale.

Usiku mmoja wa Januari, nyuzi 38 chini ya sifuri, mlango wa zahanati ukagongwa. Mama kavaa amauti, lile koti ambalo mtoto anakaa mgongoni kwa ndani, na wengine wawili kawashika mikono. Akasema masikio ya mtoto yanauma. Nikaangalia, masafi. La pili, safi. Yeye anaangalia saa ya ukutani. Ndo nikaelewa kuna mtu anasubiriwa alale. Basi nikapima masikio ya watoto wote watatu, polepole, nikatoa juisi, nikamuuliza nipige polisi? Pua ikakunjwa. Saa kumi alfajiri wakaondoka. Kwenye faili niliandika "masikio, kawaida" na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa, maana ningepiga simu pengine yeye na watoto ndo wangepandishwa ndege, mwanaume akabaki na nyumba.

Na hivyo vijiji wengi hawakuvichagua. 1953 serikali ya Kanada ilizipakia melini familia za Inukjuak, kijiji cha kaskazini mwa Quebec, ikaenda kuzimwaga kama kilomita 2,000 kaskazini zaidi, radhi ikaja 2010. Greenland nako, kisiwa cha Inuit kilicho chini ya Denmark, kati ya 1966 na 1970, madaktari wa Denmark waliwawekea vitanzi vya kuzuia mimba wanawake na wasichana kama 4,500, wengine wana miaka 13, wengi bila kuambiwa wanafanywa nini, na waziri mkuu wa Denmark kaenda Nuuk, mji mkuu wa Greenland, kuomba radhi Septemba 2025. Hizo nazo ni mila za nani, shemeji?

Ila kuna jambo linanikalisha chini. Mei 1997, kabla Nunavut haijaanza kuwa na bunge lake, watu waliulizwa kama kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Hakuna bunge duniani lililokuwa hivyo. Asilimia 57 wakakataa. Mmoja wa waliopinga kwa nguvu alikuwa Manitok Thompson, waziri aliyeshughulikia masuala ya wanawake, na uchaguzi wa kwanza 1999, kwenye viti 19, mwanamke aliyeshinda alikuwa mmoja tu. Yeye.

Mkalimani wetu wa zahanati, mama mtu mzima, alipiga kura ya hapana pia. Aliniambia mwindaji bila nguo alizoshona mkewe anaganda, na mke bila nyama anakufa njaa, usawa ndo huo, viti vya nini? Nikamwambia mbona sasa nyama inanunuliwa dukani na anayepigwa ni yeye. Alikaa kimya, anashona buti la mjukuu. Nikauliza, leo ungepiga tena hapana?

Nyusi zikapanda.