Simu haipimi saratani ya mlango wa kizazi

Swali limerudi tena: "Ile programu ya simu inayopima saratani ya mlango wa kizazi naipata wapi?" Simu yenyewe haipimi. Kazi inafanywa na asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, pamba na jicho lililozoea. Asidi huzigandisha kwa muda protini za seli zenye viini vikubwa, na sehemu hiyo hugeuka nyeupe. Simu inaupiga picha weupe huo, basi. Na weupe wenyewe mara nyingi si saratani: ni mabadiliko yanayoitangulia kwa miaka, au uvimbe tu wa maambukizi.

Asidi kwanza. Mililita 5 za asidi asetiki isiyochanganywa, ukiimimina kwenye mililita 95 za maji, zinatoa asilimia 5. Changanya mpya kila siku. Futa ute, paka, kisha tazama saa: dakika nzima. Kidonda kikali, yaani sehemu yenye mabadiliko makubwa, huwa cheupe upesi na kukawia kufifia. Seli changa zinazobadilika kwa kawaida yake hufifia mapema. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Piga kabla ya asidi, piga dakika ya kwanza, piga ya pili.

Taa ya simu ina ujanja wake. Ikigonga tishu yenye maji inarudi kama mng'ao mweupe, na weupe ndio hasa unaoutafuta! Inamisha simu kidogo, mng'ao utahama; kidonda hakihami. Usiisogeze simu hadi mdomoni mwa spekulamu, kile kifaa kinachopanua uke, haitashika fokasi. Rudi nyuma, kuza mara mbili, gusa kioo penye mlango wa kizazi ushikilie, la sivyo utapata picha safi kabisa ya ukingo wa spekulamu. Zima urembo wa ngozi na vichujio vyote, na uzime pia kuhifadhi picha mtandaoni kiotomatiki. Picha ya mgonjwa haina kazi kwenye albamu ya familia yako.

Sasa linalonikera hasa. Inaletwa picha kali, rangi zimetulia, imeandikwa "hasi". Unautafuta mpaka wa seli bapa na zile seli nyekundu za ndani, huuoni, au unaona nusu yake. Hiyo hasi imetoka wapi? Vidonda karibu vyote huanzia kwenye eneo la mabadiliko, kandokando ya mpaka huo. Usipoonekana mzunguko mzima, andika "haikutosheleza". Mwanamke aliyekoma hedhi, mpaka wake mara nyingi umeshaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na megapikseli hazipindi kona. Huyo VIA, yaani kipimo hiki cha asidi na jicho, haimfai, kwa simu au bila simu. Kosa hili linarudi tena kwenye tiba: kuunguza kwa joto kunataka kidonda kionekane chote, kisiingie mferejini, kisizidi robo tatu ya mlango wa kizazi, na pasiwe na dalili ya saratani yenyewe. Picha iliyokatwa pembeni haijibu hata moja kati ya hayo.

Kuta za uke zikiziba njia, chukua spekulamu kubwa zaidi, au kata ncha ya kondomu uivishe juu ya spekulamu.

Na akili mnemba? Inavutia, ila mfumo uliofundishwa kwa picha za kamera moja huyumba ukipewa za kamera nyingine. Halafu kuna aibu yetu wenyewe: wataalamu wawili wakipewa picha moja, si ajabu mmoja aseme chanya na mwenzake hasi. Mashine imejifunza kwa nani kati yao? Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kipimo cha DNA ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kitangulie, na sampuli mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe. Hapo simu inabaki na kazi ndogo inayoiweza: kumsaidia muuguzi kuamua nani aunguzwe leo na nani apewe rufaa, na kumpa msimamizi kitu cha kukagua baadaye.

Lakini ukimtumia picha daktari wa mbali akupe maoni, jibu linalofika kesho limemkosa mgonjwa aliyetoka leo. Kwa hiyo fungua picha spekulamu ikiwa bado ndani. Ufuate ule mpaka wa seli kwa kidole juu ya kioo, mzunguko mzima kama mshale wa saa. Kidole kikikwama, piga nyingine.