Tende tamu, lakini damu haiongezi

Mwezi uliopita kaja mama mmoja kliniki, mimba ya miezi saba, kapimwa damu ikaonekana 8.4, na mja mzito tunataka asipungue 11, nikamuuliza vipi, vidonge vya kuongeza damu unameza? Kanyamaza kidogo, kisha kafungua mkoba kanitolea kifuko cha tende, zile za kupima zilizoshikana donge moja. "Daktari, vidonge vinanchafua roho, lakini tende nakula, mama mkwe kanambia kumi kila siku na chai." Mie si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hapa Unguja ukishavaa koti jeupe basi weye daktari, nshazoea.

Ikabidi nimpigie hesabu pale pale kwenye kipande cha karatasi. Gramu 100 za tende kavu, yani kama nne hivi za zile kubwa za boksi, zina madini ya chuma kama miligramu 1 tu. Mja mzito anahitaji kama 27 kwa siku. Kwahiyo ukitaka tende pekee ikutoshe inabidi ule kilo 2.7 kila siku, na humo ndani kuna sukari kilo moja na nusu na ushei! Alicheka mpaka akajishika tumbo. Na ile chai ndo inazidi kuharibu, maana chai na kahawa zina vitu vinavyokamatana na chuma humo tumboni, hata hicho kidogo kilichokuwemo hakipiti vizuri kwenda kwenye damu.

Sijui nani alianza hii habari ya tende na damu, mie nahisi ni rangi tu, mtu anaona kitu cheusi cheusi chenye wekundu ndani basi keshajua hii damu, ndo mantiki ile ile ya rozela na bitiruti. Damu inataka dagaa, nyama, maini mara moja moja, chaza, na ukila mchicha au kunde kamulia ndimu, kwasababu chuma cha majani na nafaka bila ya vitamini C kinapita kwa tabu, na tende kavu vitamini C hiyo haina ya kutaja. Na vidonge vikikuchafua roho sema, tutakwambia ule baada ya chakula au usiku ukienda kulala, usiviweke kabatini ukanyamaza.

Sasa msije mkanambia nimeitukana tende, maana na mie naila. Kwa mtu aliyefunga sijaona kitu kinachoishinda. Sukari yake kubwa ni glukosi na fruktosi ambazo hazihitaji kusagwa sagwa sana, zinaingia mwilini upesi, ndo mana ukila tende tatu na maji baada ya adhana ukienda kusali magharibi unarudi kichwa kishatulia, na tumbo lishaamka kabla hujalitupia muhogo wa nazi na sambusa. Sunna imeanza na tende mbivu laini, ikikosekana tende kavu, ikikosekana maji. Halafu gramu 100 zina nyuzinyuzi kama 7 mpaka 8, na nyie mnajua choo cha Ramadhani kilivyo, na potasiamu yake inapita miligramu 600. Tatizo la futari zetu si tende, tatizo ni kaimati, tambi za sukari na juisi vikipangana mkekani vyote jioni moja.

Wenye kisukari wananiuliza kila mwaka, nile nisile? Kula, lakini hesabu. Ile kubwa moja peke yake ina sukari kama gramu 16, kwahiyo moja inatosha au mbili tatu za zile ndogo, na upunguze wanga mwengine kwenye sahani. Anaepiga sindano ya insulini azungumze na daktari wake kabla ya kufunga, hilo silijibu kwa simu.

Kuna jambo moja mabibi wamelipatia ingawa sababu wanaikosea, nalo ni tende kwa mimba iliyokaribia. Jordan kuna utafiti ulitoka 2011, kina mama 69 walikula tende sita kila siku wiki nne kabla ya tarehe, wengine 45 hawakula, waliokula wengi zaidi walianza uchungu wenyewe bila kuanzishiwa. Ni utafiti mdogo na wanawake hawakugawiwa kwa kura, sitaki mtu aseme nimemuahidi kuzaa rahisi, ila kama sukari yako iko sawa, kula. Na mtoto akizaliwa, kama ni tahniki, ile ya kumpaka mtoto mchanga tende iliyolainishwa kinywani, basi mikono safi na upake kidogo tu, baada ya hapo ziwa la mama pekee miezi sita, asali usimpe mpaka atimize mwaka.

Bibi yangu wa Wete alikuwa akimrowekea mzazi tende kwenye maziwa usiku kucha. Hatii hata moja hajaipasua, anaifungua kwa kidole gumba, anatoa kokwa, anaisogeza kwenye kandili aangalie kama ina mdudu. Mie mpaka leo siwezi kula tende bila kuifungua, hata kwa watu. Tende za enzi zake zilikuja na kaskazi, majahazi ya Oman na Ghuba yanashusha tende, chumvi na papa mkavu, yanangoja kusi yarudi na boriti. Za kwetu hazipo, mtende unaota Pemba vizuri tu lakini tende inataka jua kali na ukavu wakati wa kuiva na sisi mvua haituishi, tena ukipanda kokwa hujui umepata dume au jike. Ndo mana msemo wa bahati ya mtende kuota jangwani hunichekesha, jangwani si ndo kwao? Bahati ingekuwa kuzaa Wete.

Basi juzi yule mama karudi, safari hii kaja na mama mkwe mwenyewe, kajitanda kanga, hata kukaa hajakaa. "Mwanangu, weye ndo uliyemkataza mkwe wangu tende?" Nikamwambia shikamoo mama, sijamkataza, ale tatu nne, chai asogeze mbele, na vidonge ameze. Kaniangalia, kafikiri, akavuta kiti.

"Haya. Na halua je?"