Je, wajua jerikeni tupu jijini Kampala lina molekuli ngapi za hewa?

Jerikeni la lita 20 likimwagwa maji yote halibaki tupu, limejaa hewa. Molekuli zake zinahesabika bila kuona hata moja, kwa sababu gesi ina tabia ya ajabu aliyoieleza mwanasayansi wa Italia, Amedeo Avogadro, mwaka 1811: ujazo uleule, kwa halijoto na kanieneo ileile, hubeba idadi ileile ya molekuli, iwe ni oksijeni au naitrojeni. Vipimo vitatu vinatosha.

Ujazo: lita 20 ni mita za ujazo 0.02. Halijoto: nyuzi 25 za Selsiasi jumlisha 273, unapata kelvini 298. Ukisahau hiyo 273, jibu linavimba karibu mara 12.

Kanieneo, yaani msukumo wa hewa, ndipo wengi wanapoteleza. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake husukuma kwa paskali 88,000 hivi. Mombasa ni kama 101,000. Usichukue namba ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, kwani mara nyingi imerekebishwa kana kwamba mji uko pwani.

Sasa zidisha kanieneo kwa ujazo: 88,000 × 0.02 = 1,760. Zidisha 8.314, namba isiyobadilika ya gesi, kwa 298: 2,478. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: moli 0.71. Kila moli ina molekuli 6.022 × 10²³, basi jerikeni lina 4.28 × 10²³, yaani 428 na sifuri 21 nyuma yake. Zote pamoja hazizidi gramu 21!

Aliyekariri kwamba moli moja hujaza lita 22.4 atapata 5.4 × 10²³, robo nzima zaidi. Lita hizo ni za nyuzi 0 kwenye usawa wa bahari. Uganda, nyuzi 0 utazikuta kileleni Rwenzori, na huko kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani.

Kwa tairi la boda boda, hesabu ni hiyohiyo, ila kipimo cha upepo huonyesha ziada tu juu ya hewa ya nje. Kikisoma pauni 30 kwa inchi ya mraba, zidisha kwa 6,895 ili upate paskali, kisha ongeza 88,000: utapata paskali 295,000 hivi. Ndiyo maana tairi lililotoboka husoma sifuri ilhali hewa bado imo ndani.