Pendekezo la mkutubi ni nini?

Ukiingia maktaba nyingi za umma za Marekani, karibu na mlango utaona rafu ndogo iliyotengwa na nyingine. Vitabu vyake vimegeuzwa majalada yatazame mbele, na chini ya kila kitabu kuna kikadi chenye mistari mitatu minne, pengine na jina la mtumishi aliyeandika kikadi hicho. Hicho ndicho watu wengi wanachokiita pendekezo la mkutubi. Mtumishi wa maktaba amesoma kitabu, amesikiliza muziki au ametazama filamu, sasa anamwambia mtu asiyemjua: chukua hiki, sababu yangu ni hii.

Pendekezo lina maana ya pili, na kwangu hiyo ndiyo yenye uzito. Unamwendea mkutubi mezani kwake, unamwambia unatafuta kitu cha kusoma, naye anakutafutia kinachokufaa wewe. Kikadi kinaanzia kwa aliyekwisha kusoma. Huduma ya mezani inaanzia kwa anayetaka kusoma. Tukizichanganya hizi mbili tunaishia kudhani kwamba kazi ya mkutubi ni kusifia anavyovipenda yeye.

Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za maktaba. Mbili kati yake zasema: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Humo hamna habari ya kitabu bora. Mhakiki anauliza kama kitabu kimeandikwa vizuri. Mkutubi anauliza kitamfaa nani, na kimfae lini.

Atajuaje? Kwa kuuliza. Mkutubi hodari haanzi na "unapenda vitabu vya aina gani", maana wengi wetu hatuna jibu la swali hilo. Anasema, "Hebu nisimulie kitabu cha mwisho kilichokunyima usingizi," kisha anatega sikio.

Chukua mfano wa binti anayekuja mezani.

"Shikamoo, mama. Natafuta kingine cha upelelezi kama hiki."

"Marahaba, mwanangu. Hicho umekipendea nini?"

"Yule mama mpelelezi na binti yake. Wanavyogombana jikoni halafu asubuhi wanachekeana!"

Mkutubi ameshasikia alichokuwa akikitafuta. Binti hakutaja maiti wala muuaji. Ametaja mama na mwanawe. Akipewa kitabu kingine cha upelelezi, chenye kukimbizana kwa magari mwanzo hadi mwisho, huenda akakirudisha kesho yake. Riwaya ya familia isiyo na hata askari mmoja inaweza kumkalisha mpaka alfajiri.

Nancy Pearl, mkutubi aliyepata umaarufu akiwa Seattle, anaeleza jambo hili kwa milango minne ambayo msomaji huingilia kitabuni: kisa, wahusika, mahali na lugha. Joyce Saricks, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika maktaba ya Downers Grove, jimbo la Illinois, ameandika pia juu ya mwendo wa kitabu, yaani kama kinakwenda mbio au kinatembea polepole. Namba za rafuni hazikusaidii hapo. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kufuata mada, fasihi ya Kiswahili inakaa kwenye 896.392, na humo riwaya ya kuchekesha inaweza kukaa bega kwa bega na ya kuliza. Namba inakuonyesha kitabu kilipo, basi.

Kwa vitabu vya kusikiliza, sauti ya msimulizi ni mlango mwingine kabisa. Kitabu kilichokushinda kwa macho kinaweza kukuingia vizuri kwa sikio unapokuwa jikoni unachambua mchele, na kizuri kikaharibiwa na msimulizi anayesoma kama anatangaza matokeo ya mtihani. Kwa filamu, mkutubi atataka kujua utaitazama na nani.

Muziki ndio unaonifurahisha zaidi. Tuseme mtu anataka kitu cha kumridhisha mpenzi wa taarab. Swali ni lilelile: anapenda nini ndani yake? Kama ni ganuni na fidla, atapelekwa kwenye okestra za Cairo, kwa kuwa taarab ya Unguja ilichota mengi Misri. Kama ni mafumbo na vijembe, anaweza kuondoka na diwani ya mashairi. Ameingia kutafuta muziki, ametoka na kitabu, na hakuna aliyemdanganya.

Programu za simu nazo hupendekeza, kwa kufuata nyayo za ulichobofya na walichobofya wengine. Maktaba nyingi za Marekani hufuta kumbukumbu ya ulichoazima ukisharudisha, kwa kulinda siri ya msomaji, kwa hiyo mkutubi mara nyingi hana historia yako mbele yake. Lazima akuulize. Na ukishaulizwa una nafasi ya kusema kwamba mwezi uliopita ulifiwa, hutaki hadithi ya msiba.

Kwetu, maktaba ya umma kwa wengi ni mahali pa kujisomea mitihani. Mwanafunzi anaingia na madaftari yake, anatafuta kiti, na mkutubi anaulizwa kitabu cha kidato cha nne kilipo. Si vibaya. Inaniuma tu kwamba mkutubi aliyekaa na riwaya miaka ishirini anaweza kustaafu bila kuulizwa hata siku moja, "Dada, nisome nini?"

Kikadi kinaweza kuanza hata kwenye maktaba ya kata yenye rafu mbili. "Kitabu kizuri sana, kisome!" hakimwambii mtu kitu. Hiki kinamwambia: "Kurasa 140. Nilikimaliza kwenye daladala kwa siku mbili. Kama ulilelewa na bibi, kisome ukiwa peke yako. Mwisho wake hauna furaha." Urefu upo, anayelengwa yupo, tahadhari ipo, na kisa hakijafichuliwa.

Kitabu kikikushinda, kirudishe bila aibu. Pearl mwenyewe huwashauri wasomaji wajaribu kurasa 50, kisha waache kama hakijawashika. Ila usikiweke mezani na kuondoka kimya. Mwambie mkutubi ulikwamia ukurasa gani na nini kilikuchosha, kwa sababu hapo ndipo atakapoanzia kukutafutia kingine.