Je, wajua kwa nini kitabu cha karatasi unakiuza mtumba, ila cha kwenye simu huwezi?

Kitabu ulichonunua dukani, ukishakisoma unampelekea yule jamaa anayepanga vitabu vya mtumba barabarani, anakupa hela kidogo, biashara imeisha na hakuna wa kukuuliza. Sasa chukua kitabu kilekile ulichokilipia kwenye Kindle, ile app ya vitabu ya Amazon, ujaribu kumuuzia mtu. Huwezi. Na hela yako ulitoa. Kwani tofauti iko wapi?

Turudi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wachapishaji wa vitabu Bobbs-Merrill walitoa riwaya moja, wakaandika ndani kabisa kwamba bei ni dola 1 na duka lolote litakaloshusha litahesabiwa limevunja hakimiliki. Macy's, lile duka kubwa la New York, wakaipiga senti 89. Wakashtakiwa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 wachapishaji wakala za uso. Majaji walisema hivi: hakimiliki inakupa haki ya kutoa nakala na kuiuza mara ya kwanza, ukishaiuza kwa hiari yako basi, ile nakala ni ya aliyenunua, huwezi kumfuata na bei yako huko aliko. Na yale maandishi ndani ya kitabu si mkataba, maana Macy's hawakukubaliana chochote na mchapishaji. Mwaka uliofuata Bunge likaiweka kwenye sheria.

Kanuni hiyo ina nguvu kweli. Kuna mwanafunzi wa Kithailandi, Supap Kirtsaeng, alienda kusoma hesabu Marekani, akaona vitabu vya chuo kule ni ghali mno wakati kwao vitabu hivyohivyo ni bei chee, basi ndugu na marafiki wakawa wanamnunulia Thailand wanamtumia, yeye anauza eBay, lile soko la mtandaoni. Vilikuwa yale matoleo yaliyoandikwa kwamba yauzwe Ulaya, Asia, Afrika na Mashariki ya Kati tu (ukisoma chuo huku kwetu si ajabu umeshika kimoja). Kampuni ya John Wiley, wachapishaji wa vitabu hivyo, ikamshtaki, akapigwa dola 600,000! Akakata rufaa mpaka juu, na mwaka 2013 majaji sita kwa watatu wakasema nakala ikishauzwa kihalali popote duniani, mnunuzi anaweza kuiuza.

Sasa umeona kale kaneno kwenye kesi ya Macy's, kwamba hapakuwa na mkataba? Kampuni za programu zilikaona, zikasema sawa, mkataba tutauweka. Ile karatasi ndefu isiyosomwa na mtu, unabonyeza tu "nakubali" ili uendelee na kazi zako, ndani yake imeandikwa hujanunua programu, umepewa leseni ya kuitumia. Kwenye kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, muuzaji mmoja wa eBay alikuwa na nakala halali za AutoCAD, ile programu ya Autodesk wasanifu wanachorea ramani za majengo, CD orijino kabisa, nyingine alizipata kwenye ofisi ya wasanifu. Mahakama ya kwanza ikampa ushindi, ya rufaa mwaka 2010 ikamnyang'anya: wale wasanifu walikuwa na leseni tu, hawakumiliki nakala, sasa wangemuuzia nini? Mimi hapa naona ni ujanja wa maneno, umelipa mara moja, CD unakaa nayo milele, ila eti hujanunua.

Muziki na vitabu vya mtandaoni vina kikwazo kingine hata bila mkataba. Kitabu cha karatasi kinatoka mkononi mwako kinaenda kwa mwenzako, lakini faili ukilituma, linazaliwa jipya upande wa pili, na kutoa nakala mpya ni haki ya mwenye hakimiliki. ReDigi walijaribu kufungua soko la nyimbo za mtumba, mfumo wao ukafuta faili kwa muuzaji, haikusaidia, wakashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2018.

Ulaya walienda njia yao kidogo. Mwaka 2012, kwenye kesi ya kampuni ya programu Oracle na UsedSoft, waliouza leseni za mtumba, mahakama yao ilisema ukimpa mtu programu bila kikomo cha muda na akakulipa, hiyo ni kuuza hata uiite leseni, kwa hiyo anaweza kuiuza, mradi yake aifute. Ila kwa vitabu vya mtandaoni wakakataa, mwaka 2019.

Na hilo la "bila kikomo cha muda" nalo limeshapatiwa dawa. Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD mwaka 2016, sasa unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, muda ukiisha inafunga. Mpangaji hauzi nyumba.